Kivinjari Kikigoma Baada ya Sasisho: Pa Kuanzia Kabla ya Kukifuta

Katika maduka ya steshenari ya Ngamiani na Chumbageni, mjini Tanga, ambako watu huenda kujaza fomu za mikopo ya elimu ya juu, kuomba vyeti vya kuzaliwa na kuchukua kumbukumbu namba za malipo ya serikali, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Firefox) kinachogoma asubuhi baada ya kompyuta kujisasisha usiku huweza kusimamisha kazi ya siku nzima. Dawa ambayo wahudumu wengi huikimbilia ni kukifuta na kukipakua upya. Dawa hiyo hula bando na mara nyingi haiponyi, kwa sababu programu yenyewe na mambo uliyoyahifadhi ndani yake hukaa mahali tofauti kwenye diski. Ukifuta Chrome au Firefox kwa njia ya kawaida, bila kuagiza data nayo ifutwe, folda ya wasifu wa mtumiaji, yaani ile yenye alamisho, nywila, vidakuzi (kumbukumbu ndogo zinazoachwa na tovuti), viendelezi (programu ndogo za nyongeza) na mipangilio, hubaki palepale, na kivinjari kipya kikifunguliwa huirudia folda hiyohiyo pamoja na ubovu wake. Afadhali kutenga sehemu moja baada ya nyingine hadi ile yenye hitilafu ijulikane, kisha kuitengeneza hiyo peke yake.

Anza kwa kutazama ni nini hasa kinachogoma. Dirisha lisilofunguka kabisa, dirisha linalofunguka likiwa jeusi au jeupe tupu, na tovuti zinazokataa kwa onyo la usalama ni maradhi matatu tofauti. Kisha fungua tovuti ileile kwa kivinjari kingine. Kwenye Windows 10 na 11 Edge imo tayari, kwa hiyo jaribio hili halina gharama. Ikiwa Edge nayo inashindwa, acha kukisumbua kivinjari cha kwanza, kwani huenda tatizo limo kwenye mtandao, kwenye tovuti yenyewe, kwenye saa ya kompyuta au kwenye kizuia virusi.

Ikiwa ni kimoja tu kinachogoma, hakikisha kwanza kwamba sasisho limekamilika. Vivinjari vya leo hujisasisha kimyakimya huku vikiendelea kutumika, na Firefox, kwa mfano, hufika mahali ikakataa kufungua kichupo kipya mpaka izimwe na kuwashwa tena, kwa kuwa mafaili mapya yamekwisha kuingia ilhali programu inayotumika bado ni ya zamani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, yaani orodha ya programu zinazotumika, uone kama kuna kivinjari kilichobaki hai bila dirisha, nawe ukifunge. Baada ya hapo iwashe kompyuta upya, na hapa neno «upya» lizingatiwe: katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili mashine iwake haraka kesho yake, kwa hiyo anayezima na kuwasha hupata mengi ya yale yale aliyoyaacha, wakati anayechagua kuwasha upya huanza na mfumo safi. Umeme ukiwa ulikatika katikati ya sasisho, mafaili yenyewe yanaweza kuwa pungufu. Huo ndio wakati ambapo kupakua upya kuna maana, tena bila kufuta kwanza, bali kwa kusakinisha juu ya kile kilichopo.

Onyo la usalama linalotokea kwenye karibu kila tovuti huelekeza kwenye tarehe. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kivinjari huzilinganisha siku hizo na saa ya kompyuta yako. Mashine zinazozimwa kila jioni kwa swichi kuu ya duka hutegemea betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ili kutunza saa, na betri hiyo ikichoka, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Mhudumu hulilaumu sasisho la jana, kumbe tarehe ndiyo iliyorudi nyuma. Sahihisha tarehe na ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, nunua betri, na jambo limekwisha. Tarehe ikiwa sahihi na onyo likabaki, huenda mfumo ni mzee mno kuvitambua vyeti vya sasa: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu cha zamani kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo bure, kilikwisha muda, na vifaa vingi ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kuzikataa tovuti zisizo na kosa lolote.

Sasa tuje kwenye viendelezi na wasifu, ambako, kwa maoni yangu, ndiko pa kupekua mara baada ya kuhakikisha sasisho limekamilika, pale ambapo kivinjari kimoja tu kinagoma huku vingine vikienda vizuri. Sasisho hubadilisha kanuni ambazo viendelezi huzitegemea. Chrome katika mwaka 2024 na 2025 iliviondoa hatua kwa hatua viendelezi vilivyoandikwa kwa kanuni za zamani, vikiwemo vizuia matangazo vilivyopendwa sana. Ili kujua kama kiendelezi ndicho mkosaji, kwenye Chrome fungua dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N, ambamo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Kwenye Firefox shikilia Shift unapoifungua, nayo itakuuliza kama unataka hali ya utatuzi. Tovuti ikifunguka humo, rudi kwenye dirisha la kawaida, zima viendelezi vyote, kisha viwashe kimoja kimoja. Kuna nyakati, lakini, ambapo mtumiaji hana la kutengeneza: Mei 2019 cheti cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox, cha kuthibitisha viendelezi kilikwisha muda, na viendelezi vya watumiaji wa Firefox duniani kote vikazimika kwa pamoja mpaka Mozilla wenyewe walipotoa marekebisho. Waliofuta wasifu wao kwa haraka siku ile walijipotezea mali bure.

Ikiwa viendelezi si tatizo, jaribu wasifu mpya bila kuugusa ule wa zamani. Kwenye Firefox andika about:profiles katika sehemu ya anwani, utengeneze wasifu mwingine na kuufungua. Kwenye Chrome, chrome://version itakuonyesha mahali folda ya wasifu ilipo. Funga madirisha yote, ingia kwenye folda ya User Data inayoibeba, na folda iitwayo Default uibadilishe jina, kwa mfano Default-zamani. Usiifute. Chrome ikifunguka itajitengenezea nyingine, na kivinjari kikipona utakuwa umethibitisha kwamba ubovu ulikuwa ndani ya wasifu. Faili la alamisho, ambalo jina lake ni Bookmarks, unaweza kulinakili kutoka folda ya zamani kuingia mpya Chrome ikiwa imefungwa. Nywila ni ngumu zaidi, kwa kuwa zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows, na ukizihamishia kompyuta nyingine hazifunguki. Ndiyo maana ni busara kuzitoa na kuzihifadhi mapema, kivinjari kingali kizima.

Jambo moja la kuepuka ni kurudi kwenye toleo la zamani juu ya wasifu uleule. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019, Firefox hukataa kutumia wasifu uliokwisha kufunguliwa na toleo jipya zaidi, kwa sababu mafaili yake yamebadilishwa muundo na yanaweza kuharibika.

Dirisha jeusi, au lenye vipande vya picha vilivyovurugika, kwa kawaida ni ugomvi baina ya kivinjari na kadi ya picha. Nenda chrome://settings/system uzime matumizi ya kadi hiyo. Ikiwa huoni kitu kabisa, bofya kwa kitufe cha kulia njia ya mkato (shortcut) inayofungua Chrome, chagua Properties, na uongeze nafasi na maneno --disable-gpu mwishoni mwa mstari wa Target.

Kizuia virusi nacho kina historia yake. Oktoba 2019 toleo la 78 la Chrome liliongeza ulinzi uliokataa msimbo wa nje, na kompyuta zenye matoleo ya zamani ya Symantec Endpoint Protection zikawa haziwezi kufungua ukurasa wowote. Ponyo lilikuwa kukisasisha kizuia virusi, wala si Chrome.

Kompyuta za mitumba zenye Windows 7 zina hali ya peke yake. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7, 8 na 8.1 ni 109 la Januari 2023, na kwa Firefox ni tawi la 115 la msaada wa muda mrefu. Hata bila kufika huko, toleo la 89 la Chrome lilizitupa nje kompyuta ambazo vichakataji vyake havina SSE3, kundi la maelekezo ambalo vichakataji vya zamani sana hukosa. Mashine kama hizo haziponi kwa kufuta na kusakinisha. Ziwekewe Linux nyepesi, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, kama kumbukumbu yake (RAM) inatosha, au zibakishwe kwa kuchapa na kutoa nakala, na kazi zenye nywila za wateja zihamishiwe kwenye mashine nyingine.

Wateja wengi huja wakiwa na simu tu, na dalili zake hutofautiana na za kompyuta. Tarehe 22 Machi 2021 programu nyingi za Android zilianza kujifunga zenyewe mara tu zilipofunguliwa, na chanzo kilikuwa sasisho la WebView, sehemu ya mfumo inayozionyeshea programu nyingine kurasa za wavuti. Ikitokea simu ya mteja inafunga programu kadhaa kwa pamoja, fungua Play Store, sasisha Android System WebView na Chrome zote mbili, kisha uiwashe simu upya. Kama sasisho jipya bado halijatolewa, nenda kwenye mipangilio ya programu na uondoe masasisho ya WebView, nayo itarudi kwenye toleo lililokuja na simu mpaka marekebisho yatoke.