Kabla hujafungua hedi ya dizeli yako, zingatia haya

Watu wengi wakiwaza dizeli wanawaza pampu na nozeli (ncha inayopuliza mafuta) tu, mafuta mafuta mafuta, hewa wanaichukulia inaingia yenyewe na kutoka yenyewe. Elewa kwanza hili. Kinachoingia kwenye silinda ni hewa tupu, inagandamizwa mpaka joto lake linapita nyuzi 500, halafu dizeli inapulizwa pistoni ikiwa imekaribia kufika juu. Hapo muda hakuna kabisa. Injini ikiwa 2000 RPM (mizunguko 2000 kwa dakika) kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inakata digrii 12 kwa kila milisekunde, yaani mafuta yana milisekunde chache tu za kupulizwa, kugeuka mvuke, kukutana na hewa na kuwaka. Hewa ikiwa imetulia haiwezekani, ni kama kumwaga unga kwenye maji ya uji bila kukoroga, utapata mabonge, na kwenye dizeli mabonge yake ni moshi mweusi.

Kwa hiyo hewa inakorogwa makusudi. Njia ya kuingilia kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, imepindwa ili hewa iingie ikizunguka, pistoni ikipanda inaibana ile ya pembeni ikimbilie kwenye shimo lililochimbwa juu ya pistoni, na kwa vile shimo ni dogo kuliko silinda ule mzunguko unazidi kasi. Pistoni ikishuka hewa inavutwa tena kutoka shimoni kwenda pembeni, vurugu hiyo nayo inamalizia kuchanganya. Unapofungua hedi unaingia kuchezea huo mpango wote, hata kama hujavunja kitu.

Filta na paipu za hewa: safisha, kaza, songa mbele.

Jua injini yako ni ya aina gani. 1HZ, 2L, 3L, 5L za Toyota zina chemba ndani ya hedi, hewa inasukumwa kwa nguvu kupita kwenye tundu dogo na kuzunguka humo, njiani inapoteza joto, ndiyo maana kompresheni yake (hewa inabanwa mara ngapi) inafika karibu 22 kwa 1. Mwingereza Harry Ricardo ndiye aliyeipa umaarufu chemba ya namna hiyo, yake aliiita Comet, ikapanda kwenye mabasi ya AEC ya London mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukisaga hedi ya aina hii angalia chemba zimekaaje na kama zina nyufa. 4JB1 ya Isuzu au 6D16 ya Fuso hazina chemba, shimo liko kwenye pistoni. Usichukue ushauri wa hii ukaupeleka kule.

Pistoni mpya ziweke meza moja na za zamani, linganisha shimo: kina, upana, umbo la mdomo. Kipenyo kulingana haitoshi, na muuza spea atakuapia ni ile ile.

Gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku, usikubali ile hadithi ya weka nene kwa usalama. Pima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku, ndipo uchague unene. Ukiweka nene kupita inavyotakiwa, nafasi ya juu inapanuka, hewa inabaki pembeni haiingii shimoni vizuri, unapoteza nguvu na asubuhi gari linawaka kwa shida. Nyembamba mno nayo pistoni itabusu hedi.

Njia za hewa usizilainishe kwa msasa. Mafundi wengine wameona vijana wa mashindano ya petroli wakifanya hivyo, basi wanakuja kuchonga hedi ya dizeli na kuufuta ule mpindo unaozungusha hewa.

Idadi ya matundu ya nozeli isibadilishwe kienyeji. Yenye matundu manne au matano imepigiwa hesabu na hewa inayozunguka sana, ukiongeza matundu kwa mzunguko ule ule mnyunyizo mmoja unasukumwa kwenye moto wa mwenzake. Hizi za komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha) zinapuliza kwa presha kubwa sana kwenye vitundu vidogo, zenyewe haziutegemei mzunguko kiasi hicho.

Sasa wosha za nozeli, hapa naomba usikilize vizuri. Kuna jamaa anapeleka saruji Mbeya kutoka Dar, alifanya ovaholi kamili kwenye gereji moja, slivu (kuta za silinda) mpya, pistoni mpya, nozeli zimepimwa kwenye mashine na zinapuliza safi. Lori likatoka linatoa moshi mweusi na nguvu hakuna, kupanda Kitonga ni gia ya kwanza mwanzo mwisho na foleni ya mabasi nyuma inampigia honi. Wakarekebisha pampu. Wakagusa taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta. Wakapima tena nozeli, ziko sawa, wakamwambia mafuta ya sheli ndiyo mabaya! Oili nayo ikaanza kuwa nyepesi kwa dizeli inayoteremka kuta za silinda. Mwishowe mzee mmoja fundi wa Makambako akachomoa nozeli, akamulika tochi kwenye tundu, akakuta wosha ya shaba ya zamani imeganda humo na mpya imewekwa juu yake, matundu manne kati ya sita. Nozeli ilikuwa imerudi juu kama milimita mbili, basi mnyunyizo haushuki shimoni, unapiga ukingo wa juu wa pistoni, wakati hewa yote inayozunguka iko chini inasubiri mafuta yasiyokuja. Wosha zile bei yake ni soda. Ringi na slivu mpya zilikuwa zimeshakwisha.

Kwa hiyo hesabu wosha zinazotoka, mulika kila tundu mwenyewe. Kaa gereji siku ya kufunga, spea za zamani ziombe zote, vipimo andika kwenye karatasi, na usiwe na haraka ya safari. Fundi akitaka kugusa skrubu ya pampu kabla hewa haijaangaliwa, mwambie aache kwanza.