Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina la Ala ya Muziki: Mfano wa Udi

Anayetaka kujua jina la ala limetoka wapi aanze na lugha anayoisema kila siku, kabla hajafungua kamusi ya lugha nyingine. Aandike kwanza maana zote za neno hilo. Udi, kwa Waswahili, ni ala ya nyuzi inayopigwa katika taarabu. Udi pia ni vipande vya mti wenye harufu nzuri vinavyofukizwa chetezoni. Usiharakishe kusema kwamba maana hizo zimekutana kwa bahati tu.

Kisha lirudishe neno lilikotoka, ukiangalia sauti zilizopotea na zilizoongezwa. Kwa Kiarabu ni ʿūd: herufi ayn, inayotamkwa kooni, haikuingia katika Kiswahili, na mwishoni ikaongezwa irabu. Maana yake ya msingi ni kijiti au kipande cha mti, na hapo udi wa chetezoni na udi wa taarabu hurudi kwenye shina moja.

Lakini ala nyingi hutengenezwa kwa mti. Kwa nini hii ndiyo iitwe hivyo? Hapa kamusi haitoshi, itazame ala yenyewe, na kwangu hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Weka udi kando ya gambusi, ala nyingine ya nyuzi. Uso wa gambusi umewambwa ngozi kama ngoma, ilhali uso wa udi ni ubao mwembamba uliotobolewa, na mgongo wake ulionenepa ni vipande vya mbao vilivyopindwa na kugundishwa ubavu kwa ubavu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina liliitenga ala yenye uso wa ubao na zile zenye uso wa ngozi. Wapo pia wataalamu waliolihusisha na neno la Kiajemi rud, yaani uzi; yaandike maelezo yote mawili, usifute moja kwa kuwa jingine linapendeza.

Mwisho, lifuate neno lilikokwenda. Kihispania kina laúd, Kifaransa luth, Kiingereza lute: ile L ya mwanzo ni mabaki ya al, silabi ya Kiarabu inayotangulia nomino, ambayo Kiswahili hakikuichukua katika neno hili.

Ukishazoea, jaribu kanuni, ala ya nyuzi iliyo jirani wa udi katika taarabu. Itakupitisha katika Kiarabu mpaka kwa Wagiriki, ambao kwao kanon ilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia, na vilevile kifaa cha uzi mmoja cha kupimia sauti.