SOMO: Mkonga ya mafundi umeme, skeli 1:20, kwa bomba la PVC

Wakuu,

Kila nikiweka picha ya hii mkonga (pikapu ya Land Cruiser, mfano mdogo niliouunda mwenyewe) maswali ni yaleyale: umenunua wapi, bodi ni ya nini, tairi umetoa wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza kitu kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua, asinune.

Gari yenyewe ni Land Cruiser 79 ya milango miwili, sura ya taa za duara iliyotoka kuanzia 1999 mpaka 2007, injini 1HZ, imefungwa keria ya ngazi na masanduku ya vifaa kwa kazi ya laini za umeme.

Vifaa: vipande vya bomba la PVC la nchi 4 la maji machafu (lile jembamba, la presha ni nene mno), paipu la nyaya za umeme la milimita 20, kandambili iliyochoka, spoki za baiskeli, rodi za kuchomelea, shanga, gundi ya mabomba, supagluu, puti ya mafundi bodi, msasa namba 240, 400 na 800, rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya. Wembe butu ndio unaokata vidole, kwa sababu unausukuma kwa nguvu.

Hatua ya 1: Vipimo

Kati ya ekseli na ekseli gari halisi ina milimita 3,180, kwako ni 159. Tairi ya 7.50R16 ina kimo cha karibu milimita 800, kwako 40. Vingine vyote chukua futi, nenda kwenye gari, omba ruhusa kwa dereva, pima, gawanya kwa 20. Nasema omba ruhusa kwa sababu mtu anayezunguka gari la kampuni na futi na daftari atahojiwa, na ni haki yao. Angalia pia usipime 75 ukidhani ni 79. Ile ya zamani ina 2,980, gari lako litatoka fupi kwa sentimita nzima na hutajua kosa liko wapi.

Hatua ya 2: Kunyoosha bomba

Hapa ndipo kazi nyingi zinafia, kwa hiyo soma taratibu.

Pasua bomba kwa urefu kwa msumeno. Chemsha maji kwenye sufuria pana, sufuria ambayo haitarudi jikoni. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha kabisa, huhitaji moto wa moja kwa moja. Zamisha kipande, kiache mpaka ukikinyanyua kwa koleo kinaning'inia chenyewe kama ngozi mbichi. Kikiwa bado kinakupa ubishi, kirudishe. Kikilainika, kitandaze haraka kwenye kipande cha marumaru, weka marumaru nyingine juu, kandamiza kwa matofali, na UACHE mpaka kipoe kabisa. Usichungulie.

Sababu ya kusisitiza ni kwamba PVC ina kumbukumbu. Ilizaliwa duara na inataka kurudi kuwa duara. Kipande kilichopata joto nusunusu kitakaa bapa leo, utakikata, utakiunga, utakipaka rangi, halafu wiki ijayo mlango unajikunja kwa nje na kupasua puti. Hakuna dawa hapo, unakata kingine. Kabla ya kutumia kipande chochote, kiache usiku kucha bila mzigo juu. Asubuhi kiweke kwenye kioo cha dirisha. Kikicheza pembeni, kirudishe majini. Na gari likishakamilika usiliweke kwenye dashibodi ya gari lililopaki juani. Joto la pale linatosha kukikumbusha.

Onyo: usibabue PVC kwenye jiko la mkaa, gesi wala moto wa kibiriti. Ikiungua inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, inachoma macho na mapafu. Ukiona rangi yake inageuka kahawia, umeshavuka mpaka. Toka nje.

Siyo kila kitu kinyooshwe. Paa la kebini na boneti vina mgongo kidogo. Kwa hivyo punguza tu mkunjo wa bomba, usiumalize. Hiyo kazi ya bure bomba limeshakufanyia.

Hatua ya 3: Tairi na rimu

Soli ya kandambili. Kata duara la milimita 40, sugua kwa msasa mpaka upana uwe kama milimita 10 na nusu, chonga meno kwa tupa ya pembetatu. Rimu ni kipande cha paipu la nyaya la milimita 20. Rimu ya nchi 16 ukiigawanya kwa 20 unapata milimita 20 na chenji, yaani kana kwamba lile paipu lilitengenezwa kwa ajili yetu. Nati ni TANO kila tairi.

Hatua ya 4: Chesi

Reli mbili za PVC, ekseli za rodi ya kuchomelea ya milimita 3.2 iliyobanduliwa unga wake, difu ni shanga kubwa. Mbele springi za koili (zungusha waya kwenye msumari), nyuma springi za bamba (vipande vya chupa ya plastiki vilivyopangwa, kirefu juu, kifupi chini).

Hatua ya 5: Kebini

Pande mbili kwanza, kisha ukuta wa nyuma, kisha mbele, paa mwisho. Gundi ya mabomba ipake kwa ncha ya kijiti, kidogo sana. Inafanya kazi kwa kuyeyusha PVC, ukimwaga nyingi kipande chembamba kinalegea na kupinda. Mstari wa mlango ukwaruze kwa mgongo wa kisu, usiuchore kwa kalamu.

Hatua ya 6: Bodi la nyuma na masanduku

Ni maboksi. Utaweza.

Hatua ya 7: Keria, ngazi na vikorokoro

Spoki ya milimita 2 ni sawa na bomba la milimita 40 kwenye gari halisi, ndiyo maana keria ya spoki inaonekana kweli. Kwenye maungio zungusha uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, kisha uchomee kwa risasi. Supagluu peke yake kwenye chuma itakuachia siku utakapoligusa tu. Vipandio vya ngazi viachane milimita 15. Vile vikombe vya kauri vya juu ya nguzo ni shanga za kahawia, kubwa chini, ndogo juu. Kamba ni uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta, maana uzi wa kawaida una manyoya, na manyoya hayo ukiyakuza mara 20 hakuna kamba ya namna hiyo duniani.

Hatua ya 8: Rangi

Praima, msasa 800 na maji, kisha rangi ya kopo la spreyi, mikono mitatu myepesi. Rangi ya mafuta ikitumika, iwe JUU ya spreyi iliyokauka, kamwe isiwe chini yake. Spreyi ikikuta rangi ya mafuta inaikunja kama maziwa yaliyoganda. Sisi wa pwani, usipulize jioni wala baada ya mvua. Unyevu unaingia kwenye rangi na gari linapata ukungu mweupe. Saa nne asubuhi, kivulini. Kopo liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, rangi itatoka laini. Nimesema uvuguvugu, kopo lile lina presha.

Hatua ya 9: Vioo

Plastiki angavu ya boksi la shati. Vinawekwa baada ya rangi, kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu ikikaribia kioo, mvuke wake unakitia ukungu usiofutika.

Hatua ya 10: Uchafu

Udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, umechanganywa na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Weka kwenye madigadi, nyuma ya tairi, chini ya bampa. Wengi hapa wanapaka kutu gari zima kama limeokotwa baharini. Gari la kazi linaoshwa. Linachubuka pale linapoguswa: sakafu ya bodi, ukingo wa mlango wa nyuma, kizingiti cha mlango wa dereva, na pale ngazi inaposuguana na keria. Kwingine liache.

MASWALI

Chuma_Chakavu: Mkuu kazi safi sana. Tairi umetumia nini?

Hatua ya 3.

BabaNaila: Naomba PDF ya ramani nikaprinti, nikate tu.

Sina. Hatua ya 1 inasema upime gari lenyewe, na ramani ukiikuta mtandaoni huenda ni ya 75.

BabaNaila: Sasa mkuu si wote tunaoishi karibu na mkonga. Huku kwetu zinapita barabarani tu, hazisimami.

Hilo nimelielewa, na ni swali zuri kuliko la kwanza. Tumia picha. Ila usipige ukiwa karibu, kwa sababu kilicho karibu na kamera kinavimba na vipimo vinadanganya. Rudi nyuma hatua nyingi, vuta kwa zumu, kamera iwe usawa wa kitasa cha mlango na upande wa gari ukutazame moja kwa moja. Kwenye picha pima kwa rula kati ya ekseli na ekseli. Unajua urefu huo kwa kweli ni 3,180, kwa hiyo kila kitu kingine utakipata kwa hesabu ya uwiano. Jikague kwa tairi: isipotoka karibu 800, picha yako imepinda.

Dogo_wa_Mwanza: Samahani kaka, nimekuza picha yako ya mbele. Tairi za nyuma zimeingia ndani kuliko za mbele. Ulikosea au ndivyo ilivyo?

Asante kwa macho hayo mdogo wangu. Nilichanganya sura mbili. Kwenye 79 za sura ya kuanzia 2007 ekseli ya mbele ni pana kuliko ya nyuma, tofauti ni kama milimita 95 jumla. Kwenye 1:20 ni karibu milimita 5, yaani 2 na nusu kila upande. Ikipita kwenye matope laini angalia alama, utaona tairi ya nyuma haifuati mfereji wa mbele sawasawa. Madereva wa mchangani wanaijua kero hiyo. Ukitengeneza hiyo ya 2007, kata ekseli ya nyuma fupi, usiisogeze tairi ndani kwa kuiminya, itagusa springi. Ukimaliza weka picha hapa.

Mzee wa Gereji: Cruiser ya kazini kwetu ina nati sita. Hiyo tano umeitoa wapi?

Ya kwenu ni 75, mzee wangu, au ina rimu na habu za kubadilishwa. Kuanzia 1999 zile 78 na 79 zilihamia nati tano. Chungulia pia springi za mbele: ukikuta za bamba, jibu ni hilohilo.

Mzee wa Gereji: Za bamba kweli. Haya, umeshinda. Nami nikupe moja: kwa taa na saitimira tumia maganda ya vidonge. Kile kifuko cha plastiki cha kidonge cha duara ni kioo cha taa tayari, na ile karatasi ya bati ya nyuma inang'aa kuliko rangi yoyote ya fedha.

Shikamoo mzee. Hii naiingiza kwenye gari lijalo. Kwa wengine: chagueni ganda la kidonge ambacho kipenyo chake kinalingana na taa mliyopima, msichukue lolote.

Toto_la_Temeke: Nimejaribu kwenye jiko la mkaa, limetoa moshi na limekuwa kahawia. Nifanyeje?

Ufungue madirisha, utupe hicho kipande, usome hatua ya 2 yote pamoja na onyo lake. Kichwa kikiuma au ukikohoa mfululizo, nenda kituo cha afya uwaambie ulichovuta. Sikutanii.

Toto_la_Temeke: Nilisoma harakaharaka.

Imeonekana.

Mrembo wa Magomeni: Unauza shilingi ngapi?

Siuzi, dada. Hili ni somo.

Mrembo wa Magomeni: Basi nitatengeneza mwenyewe. Nina nafasi ndogo kati ya keria na paa, supagluu imeacha pengo. Nijaze puti?

Puti itapasuka hapo kwa sababu keria inacheza. Nyunyiza magadi soda laini kwenye pengo, dondosha supagluu juu, inakuwa jiwe papo hapo, kisha unapiga tupa. Usifute supagluu kwa pamba. Ikikutana na pamba inapata joto kali la kuunguza. Tumia karatasi ya plastiki au subiri ikauke.

Nax_254: Niko Nakuru. Huku mafundi wa stima wanatumia sana lori lenye mkono na kikapu cha kuinua mtu. Naweza kutumia njia hii, na mkono ufanye kazi kweli?

Njia ni ileile, na mkono unawezekana. Chukua sindano mbili za hospitali zisizotumika, bila ncha, uziunge kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Ukisukuma moja, nyingine inanyanyua mkono. Toa hewa yote kwenye mpira, kwa sababu hewa inaminyika, na mkono utanesa badala ya kutii. Ya kusukumia iwe nyembamba kuliko ya kwenye mkono: utasukuma safari ndefu lakini utapata nguvu. Ile ya kwenye mkono ifungwe kwa pini sehemu zote mbili ili izunguke, ukiigandisha kwa gundi itapinda fimbo yake.

Nax_254: Na ikivuja?

Pakaza mafuta ya kupikia tone moja kwenye ule mpira mweusi wa ndani. Ikivuja bado, badilisha sindano. Kwenye maji tia wino kidogo, utaona mvujo unapotokea kabla haujaingia kwenye rangi.