Kugawana Mali Baada ya Ubia wa Biashara Kuvunjika: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Ubia mwingi katika mikoa ya Mtwara na Lindi huanza kwa maneno ya mdomo: mmoja ana shamba la mikorosho, mwingine ana fedha za salfa, palizi na mashine ya kupulizia, na wanakubaliana kugawana mapato malipo ya mnada yakiingia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ndiyo inayotawala ubia, haiukatai kwa sababu tu haukuandikwa. Hata hivyo, unapovunjika, iwe kwa ugomvi, kwa muda kwisha au kwa mbia mmoja kufariki, kila upande hubaki na kumbukumbu zake.

Kabla ya kubishana juu ya nani achukue nini, andikeni orodha ya mali yote, na mbele ya kila kitu mwonyeshe kilinunuliwa kwa fedha za nani. Mali iliyonunuliwa kwa fedha za ubia huhesabiwa kuwa ya ubia, isipokuwa ikithibitishwa kwamba wabia walikusudia vingine. Kwa hiyo Canter iliyoandikishwa kwa jina la mbia mmoja yaweza kuwa ya wote wawili, ilhali ghala ambalo mbia aliruhusu tu litumike hubaki lake. Kusanyeni risiti, taarifa za benki, ujumbe wa malipo ya simu na stakabadhi za chama cha msingi mapema, kwa maana karatasi hizi hupotea upesi kuliko watu wanavyodhani. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kinaonyesha nani waliandikisha jina. Hakithibitishi umiliki wa ghala wala gari.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni madeni. Wadai wa nje hulipwa kwanza, kisha mbia aliyeukopesha ubia, kisha mitaji, na kinachobaki ndicho faida ya kugawana. Tuseme mbia wa kwanza aliweka mtaji wa shilingi milioni 12 na wa pili milioni 8, na huyu wa pili aliukopesha ubia milioni 3. Mali imeuzwa kwa milioni 30, na muuza pembejeo anadai milioni 9. Akishalipwa zinabaki milioni 21. Ukiondoa mkopo wa mbia zinabaki milioni 18, wakati mitaji ni milioni 20. Ikiwa hawakupatana vingine, hasara hiyo ya milioni 2 hubebwa sawa kwa sawa kama faida, wala si kwa uwiano wa mitaji: wa kwanza anarudishiwa milioni 11, wa pili milioni 7 pamoja na mkopo wake. Wengi huona jambo hili si haki, na ndiyo maana kiwango cha kugawana hasara kilistahili kuandikwa tangu mwanzo.

Wajulisheni pia benki na wauzaji kwamba ubia umekwisha. Aliyewazoea ninyi wawili akiendelea kukopesha bila taarifa, mbia aliyejitoa anaweza kudaiwa pamoja na aliyebaki.

Ardhi inahitaji uangalifu zaidi. Shamba la ukoo ambalo ubia ulilitumia tu haligawanywi, lakini mbia aliyegharimia miche au kisima anaweza kudai fidia ya maendelezo, hasa akiwa na ushahidi wa gharama. Kama shamba ni ardhi ya kijiji, msiliuze wala kulihamisha kwa hati ya mkononi bila kupitia Halmashauri ya Kijiji. Mbia akiwa amefariki, zungumzeni na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na ndugu yeyote anayejitokeza, hata akiwa mkubwa wa familia.

Mkishindwa kuelewana, tenganisheni madai. Mgogoro wa umiliki wa ardhi huanzia kwenye usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri laweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya hesabu, mtaji na faida ni ya mahakama za kawaida, kulingana na thamani yake. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, na wa kudai ardhi ni miaka 12.

Mkipatana, andikeni hati ya mgawanyo inayotaja kila mali na kila deni, isainiwe mbele ya mashahidi au wakili, na ilipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu hati isiyolipiwa yaweza kukataliwa mahakamani. Kisha badilisheni kadi ya gari TRA, ondoeni saini ya aliyetoka kwenye akaunti ya benki, na peleka taarifa BRELA.