Fizi Zikitoa Damu, Usiweke Mswaki Chini

Baba yangu amevua dagaa Igombe, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, tangu sijazaliwa. Alipofika miaka 58, meno yake manne ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza hata akiyagusa kwa ulimi. Hakuna hata moja lililotoboka. "Mwanangu, meno mazima haya, yanang'okaje?" aliniuliza, na kwa kweli swali lilikuwa la haki.

Fizi zake zilianza kutoa damu miaka mingi kabla. Duka la dawa wakamwambia ale machungwa. Akala. Na pale palipotoa damu akawa anaparuka kwa mswaki, asipatoneshe. Leo mimi ni tabibu wa meno, na watu wanaoparuka hivyo nawapokea kila wiki.

Asubuhi, kabla hujapiga mswaki, pitisha ukucha kwenye jino, pale linapokutana na ufizi. Ule uteute mweupe unaonata ndio ukoga, na umejaa bakteria. Usipouondoa, ndani ya siku chache madini ya mate huanza kuugandisha, ukawa ugaga: mgumu, wa njano au kahawia, na mswaki hauutoi tena. Hupenda zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa kuwa mate hutokea hapo karibu, chini ya ulimi. Ufizi ulioguswa na uchafu huo huvimba, huwa mwekundu na kutoa damu. Hapo bado unapona kabisa. Ukiachwa, kwa watu wengi ugonjwa huteremka: ufizi huachana na jino, kunabaki kimfuko ambacho mswaki haufiki, na mfupa unaolishika jino unalika. Mfupa huo haurudi wenyewe. Tena unalika bila maumivu, na hilo ndilo lililomponza baba.

Kwa hiyo damu ikitoka, hapo ndipo pa kupiga mswaki, kwa upole. Nunua mswaki wenye nywele laini. Ushike kwa vidole kama kalamu. Ukiushika kwa ngumi utakwangua. Uegemeze kwa mshazari, nusu ya nywele kwenye jino, nusu kwenye ufizi, kisha utikise mwendo mfupi mfupi kwenye meno mawili matatu, halafu usogee. Meno ya mbele, upande wa ulimi, simamisha mswaki wima. Dakika 2, mara 2 kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kisha tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mkaa na majivu viache, vinakwangua meno.

Katikati ya meno mswaki haupiti. Huku kwetu, kwa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na dagaa, hapo pana kazi. Wengi huchokoa kwa pini na kujichoma. Tumia uzi wa meno: uingize taratibu kwa kuuvuta mbele na nyuma, ukumbatishe jino moja, uupandishe na kuushusha mpaka chini kidogo ya ukingo wa ufizi, kisha geukia jino la jirani.

Sisi matabibu tumezoea kusema "piga mswaki usiku kabla ya kulala". Mvuvi wa dagaa usiku yuko ziwani na taa zake. Usiku wake ni saa 3 asubuhi, akishashusha mzigo na kula. Basi wewe mvuvi, hapo ndipo pa kupiga mswaki kwa makini zaidi, kabla hujajilaza, hata jua likiwa limewaka. Ukiwa umelala mate hupungua, na bakteria hufanya watakavyo.

Ukifanya hivi kila siku, damu huanza kupungua ndani ya wiki moja au mbili. Maji ya chumvi yanatuliza, lakini ugaga hayautoi. Ikiwa damu bado inatoka, jino linacheza, usaha unatoka au fizi zimeshuka, nenda kitengo cha kinywa na meno wakuondolee ugaga. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili: sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mama mjamzito naye fizi zake huvimba upesi, na kusafishwa meno akiwa na mimba ni salama. Mvuta sigara asijipe moyo kwamba hatoi damu. Sigara huificha damu huku mfupa unaendelea kulika.

Manne ya baba tuliyatoa, hayakuwa na pa kushika. Ya juu anayo yote. Kila baada ya miezi michache, mwezi ukiwa mkubwa na mitumbwi imepumzika, anapanda daladala kutoka Igombe kuja kwangu. Anaketi kwenye kiti, anavua kofia, na kabla sijavaa glavu ameshafungua kinywa.