Mvule: tafuta jiwe kabla ya kupiga randa

Kabla ya kuingiza ubao wa mvule kwenye mashine ya randa, ukague kwanza kutafuta doa lililokoza rangi kuliko sehemu nyingine. Hapo chokonoa kwa ncha ya msumari au patasi kuukuu. Ikigota kama imegonga saruji, umelipata jiwe. Si mchanga huo, ni chokaa ambayo mti wenyewe huikusanya ndani, mara nyingi palipojeruhiwa, nayo hula meno ya msumeno vibaya sana. Ukiwa na shaka, kwangua unga kidogo, udondoshee siki: chokaa itatoa mapovu, mbao haitoi. Lichimbue au kata kipande hicho. Njia hii hugoma kwa ubao uliokaa juani, maana mvule mbichi wa manjano hugeuka kahawia wote na doa likapotea. Ukwangue uso kwanza. Kwenye gogo zima ndiyo kabisa, jiwe limejificha, kwa hiyo mpasuo wa kwanza tumia msumeno wa zamani. Na uvae barakoa, vumbi lake huwasha pua na ngozi (mimi nilipiga chafya siku nzima).