Namna ya Kuendeleza Kiwanja Bila Kuyageuza Maji ya Mvua Kuwa Mafuriko

Kabla ya kuchora ramani ya jengo, nenda kiwanjani mvua inaponyesha uone maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Mkondo huo ndio unaopaswa kuamua nyumba, njia na maegesho yakae wapi, kwa kuwa anayejenga juu yake na kutegemea mfereji wa zege humtwisha jirani wa bondeni mzigo usio wake.

Kisha piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 40 litamwaga takribani lita 4,800. Punguza eneo la zege kadiri uwezavyo, na palipo na maegesho tandaza kokoto au matofali yenye nafasi za kupenyeza maji.

Jambo linalopuuzwa mno, na kwangu ndilo la kwanza kwa uzito, ni kuulinda udongo wenyewe. Katapila na malori yakipita mara chache tu hushindilia ardhi hadi ikawa ngumu kupitisha maji, hata nyasi zikipandwa baadaye. Zungushia uzio sehemu zisizojengwa, pamoja na miti, siku ya kwanza kabisa, kabla mashine hazijafika.

Maji ya paa yaelekeze kwenye bonde dogo la kuchimbwa, lililopandwa mimea, ili yapenye ardhini. Ili kujua kama udongo unafaa, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji yaishe, lijaze tena, kisha pima kwa rula yanavyoshuka. Yakishuka sentimita 2 au zaidi kwa saa, chimba bonde la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 3 kutoka kwenye msingi, mbali na kisima, choo cha shimo na ukingo wa mteremko mkali. Maji yanapaswa kwisha ndani ya siku 2, vinginevyo mbu watazaliana. Liachie pia njia ya kutolea maji yanayozidi, iliyopangwa mawe ili isichimbike.

Usiruhusu maji ya eneo la ujenzi yaingie katika bonde hilo hadi ardhi iliyo juu yake iwe imeota nyasi, kwani tope laini huziba vinyweleo vya udongo, na kulizibua bonde lililoziba mara nyingi ni kulichimba upya.